Sekunde Arobaini na Moja

Nakanyaga, naachia, nakanyaga tena.
Pedali nne zimejipanga sakafuni kama viatu mlangoni mwa msikiti:
ya chungwa hukwaruza,
ya kijani hunenepesha,
ya buluu hurudisha mwangwi,
na ile nyeusi, niliyoinunua kwa mkopo wa chama,
hulia kama paka aliyebanwa na mlango.

Nazitaka sekunde arobaini na moja, basi.
Upande wa pili wa kanda, wimbo wa tatu,
pale mwimbaji anaponyamaza
na yule bwana (jina lake dunia inalijua, sina haja)
anaingia na noti moja,
anaivuta, anaivuta,
mpaka unasikia uzi ukiomba radhi.

Karatasi ya maelezo, ilivyotafsiriwa na mashine,
ilisema: kifundo cha kwanza, saa mbili.
Nikakiweka saa mbili.
Wiki tatu gitaa likanong'ona kama mgonjwa wa koo.
Nikalaumu nyuzi. Nikalaumu waya.
Nikalaumu stima ya Nakuru,
ambayo jioni, watu wakiinjika chai,
hushuka hadi balbu ikaona haya.
Gathirimu fundi ndiye aliyeinama, akatazama,
akacheka hadi akakaa chini, koleo mkononi:
"Ndugu yangu, saa mbili yao ni saa nane yetu.
Umempangia mtu asubuhi,
na solo yake ni ya mchana, jua la utosi."

Nikageuza.
Vikombe vikatembea kabatini.
Mama Jerotich akagonga ukuta kwa mwiko.
Sauti ilikuwa nene, kali, ya kutisha,
na haikuwa yenyewe.

Nikaongeza mwangwi, nikapunguza.
Nikabadilisha spika. Nikauza baiskeli.
Mwishowe mpwa wangu akanitafutia wimbo wenyewe kwenye simu,
safi kama maji ya chupa,
nikasikiliza hadi mwisho, nikamwambia:
huyu siye.
Huyu ana haraka. Yuko juu kidogo, kama mtu anayewahi ofisi.
Akanitazama vile watoto humtazama mtu mzima
anayebishana na saa ya ukutani.

Usiku ule ndipo lilipokuja duka.
Kinyozi cha Wasilwa, baba yangu, pale Bondeni:
kiti kimoja, kioo chenye ufa,
mashine ya mkono iliyong'oa zaidi ya ilivyokata,
na redio kaseti juu ya rafu, kando ya kopo la poda.
Kanda iliachwa na mteja aliyenyolewa bila hela.
Alisema anarudi.
Stima haikuwapo; zilikuwapo betri,
na baba alizianika juu ya mabati kama dagaa,
zikichoka tena akaziuma kwa magego,
kila moja ikawa na muhuri wa meno yake.
Nazo zilipokaribia kukata roho
yule bwana alipiga taratibu,
nusu toni chini,
kama anayekokota gitaa kwenye matope ya Aprili,
noti ikayumba, ikakataa kufa,
na nywele za watu zikaanguka kimya miguuni pangu.

Hiyo ndiyo solo ninayoitafuta.
Mwenyewe hajawahi kuipiga.

Jana nilichomoa adapta.
Nikalegeza nyuzi zote sita, nusu toni.
Betri ya mraba niliiomba kwa bawabu, imechakaa,
nikailamba: ulimi ukawashwa kwa mbali tu,
kama salamu ya mtu aliyeko ng'ambo ya barabara.
Nikaitia ndani ya ile ya chungwa.
Nikakanyaga.

Ikaja.
Sekunde kumi na mbili, labda kumi na tatu, sikuhesabu.
Pua yangu ikapata poda.
Kisha ikakohoa, gitaa likawa ubao.

Nimeiuma. Chuma kigumu, haikuingia hata jino.
Sasa iko juu ya mabati.
Tangu asubuhi Menengai imejifunika wingu.